Tikiti Si Tunda la Msafiri Peke Yake

Kwa miaka mingi jina la Busisi lilikuwa na maana ya kungoja. Msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita au Bukoba alifika Kigongo, akapanga foleni, akangoja kivuko. Na aliyetoka magharibi alifanya hivyo hivyo upande wa Busisi. Katika kungoja huko ndimo ilimozaliwa biashara ndogo ndogo ya mahindi ya kuchoma, karanga, samaki wa kukaanga, na vile vipande vyekundu vya tikiti maji vilivyopangwa juu ya sinia. Msafiri alikula kipande chake, akatupa ganda, akapanda kivuko na kwenda zake. Tangu tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya Ghuba ya Mwanza, kungoja huko kumekwisha. Gari linavuka kwa dakika chache.

Daraja limempa msafiri muda wake. Sisi leo tunapenda kuuliza jambo jingine: je, lile tunda lililokuwa likiliwa na mpita njia, haliwezi sasa kuwa chakula cha mwenyeji? Tunauliza hivyo kwa sababu lishe ya watu wa mwambao na visiwa vyetu, kuanzia Busisi hadi Kome na Maisome, na kutoka huko hadi Ukerewe na Ukara, ina pengo ambalo tikiti linaweza kusaidia kuliziba.

Mlo wa mtu wa ziwani unajulikana. Ni ugali, mara nyingi wa muhogo, pamoja na samaki au dagaa. Hatuudharau mlo huo hata kidogo. Samaki na dagaa ni chakula ambacho watu wengi wa bara wanakitamani. Kina protini, na dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake humpa mlaji madini ya chokaa na chuma. Linalokosekana sana ni matunda. Katika nyumba nyingi tunda si sehemu ya mlo. Ni kitu cha kumpelekea mgonjwa hospitalini, au cha kumkatia mgeni, na watoto hupata makombo mgeni akishaondoka. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Walisema kweli, lakini nyumba isiyopona mpaka mgeni abishe hodi ni nyumba yenye njaa iliyojificha. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kwa siku. Kila baba na mama wa familia apime mwenyewe ni siku ngapi katika wiki watoto wake wanakifikia kiasi hicho.

Wako watakaosema kwamba tikiti ni maji matupu. Ni kweli kwamba katika kila gramu 100 za nyama yake nyekundu, gramu 91 hivi ni maji. Lakini hizo zilizobaki si bure. Zina sukari ya asili gramu 6 hivi, vitamini C miligramu 8, na madini ya potasiamu zaidi ya miligramu 100. Mtu mzima akila kipande cha gramu 300 amepata vitamini C inayozidi kidogo nusu ya miligramu 45 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema anazihitaji kwa siku, na karibu sehemu moja ya kumi ya potasiamu. Madini hayo ya potasiamu husaidia kupunguza madhara ya chumvi katika shinikizo la damu, jambo la maana kwa watu wanaokula samaki na dagaa wa chumvi mara kwa mara. Ile rangi nyekundu nayo inatokana na kitu kiitwacho laikopini, ambacho ndicho kinachoipa nyanya wekundu wake. Wataalamu wanaendelea kuchunguza faida zake kwa moyo na mishipa ya damu.

Tikiti maji lina ndugu yake, tikiti tamu, lile dogo lenye harufu nzuri na nyama ya rangi ya chungwa. Huyu ndugu ni tajiri zaidi. Gramu 100 zake zina vitamini C miligramu 37 hivi, na humpa mtoto wa miaka miwili zaidi ya theluthi moja ya vitamini A anayoihitaji kwa siku. Vitamini A hulinda macho na kumsaidia mtoto kushindana na maradhi kama surua na kuharisha. Tungependa kuona mkulima wa mwambao anayelima tikiti maji akijaribu na matuta machache ya tikiti tamu pembeni.

Hatusemi kwamba tikiti ndilo bora kuliko matunda yote. Hatutaki kumdanganya msomaji. Pera lina vitamini C nyingi kuliko tikiti mara nyingi sana, na papai nalo limelipita mbali. Nyumba yenye mpapai na mpera uani imebarikiwa, na asithubutu mtu kuikata miti hiyo ili apande matikiti. Lakini mpera na mwembe hutaka miaka kabla ya kuzaa, na mtu anayehama kutoka mwalo mmoja hadi mwingine akifuata samaki hana miaka hiyo. Tikiti hukomaa kwa miezi mitatu hivi. Hupenda jua na udongo wa kichanga usiotuamisha maji, na vitu hivyo viwili mwambao wetu unavyo. Zaidi ya hayo, tikiti zima lililokomaa hukaa kivulini siku kadhaa bila barafu wala umeme, wakati mchicha uliochumwa asubuhi umenyauka jioni. Kwa kisiwa kinachotegemea mtumbwi, sifa hiyo si ndogo.

Tena tunda hili linasaidiana na chakula tulicho nacho. Vitamini C ina kazi moja ambayo watu wengi hawaijui: husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani, maharage na nafaka. Mama mjamzito anayekula mchicha au matembele na dagaa, kisha akala kipande cha tikiti katika mlo huo huo, ameongeza faida ya mboga zake bila kuongeza gharama kubwa. Kinyume chake, chai nzito inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma hicho. Ni badiliko dogo la desturi, yaani tunda pamoja na chakula, na chai baadaye. Lakini mama huyo asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Tikiti linasaidia vidonge. Halishiki nafasi yake.

Liko jambo jingine linalomhusu mtu wa kisiwani kuliko mtu mwingine yeyote. Anaishi katikati ya maji, na maji hayo hayafai kunywewa kama yalivyo. Mvuvi anayeshinda juani au kukesha ziwani hushikwa na kiu, na mara nyingi huinama tu ubavuni mwa mtumbwi akateka kwa kikombe. Kwa njia hiyo kipindupindu na homa ya matumbo vimeingia katika kambi za uvuvi mara nyingi. Watu wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, tangu kale wamepitisha miezi ya kiangazi wakitegemea matikiti ya porini kama visima vyao. Tikiti ni tunda la Afrika kwa asili. Mbegu zake zilikutwa katika kaburi la Mfalme Tutankhamun wa Misri, na mwaka 2021 wataalamu wa mimea walionyesha kwamba ndugu wa karibu kabisa wa tikiti tunalokula leo ni tikiti la Kordofan, huko Sudani. Basi mvuvi anayetia tikiti moja zima ndani ya mtumbwi wake, pamoja na dumu la maji yaliyochemshwa, hafanyi jambo la kigeni. Anachukua maji safi yaliyofungwa ndani ya ganda, na anafuata hekima ya bara lake.

Baada ya kusema hayo, hatuna budi kuonya. Siku hizi maneno mengi yanazungushwa ya kulifanya tikiti kuwa dawa ya kila ugonjwa: la presha, la figo, la nguvu za kiume, la kuondoa sumu mwilini. Ukweli ni mdogo kuliko maneno hayo. Ndani ya tikiti mna kitu kiitwacho sitrulini, ambacho jina lake limetokana na jina la kitaalamu la tunda lenyewe, na mwili hukitumia katika kulegeza mishipa ya damu. Uchunguzi mdogo mdogo umeonyesha dalili za kupungua kwa shinikizo la damu, lakini hakuna daktari anayeweza kukuambia uache vidonge vyako ule tikiti. Mgonjwa wa kisukari anaweza kula kipande cha wastani, si nusu ya tunda kwa mara moja, wala si maji ya tikiti yaliyokamuliwa na kutiwa sukari. Mtu ambaye figo zake zimeharibika asilile mpaka amwulize daktari, kwa kuwa potasiamu ile ile inayomfaa mwenye afya inaweza kumdhuru yeye. Na mtoto anayeharisha hatibiwi kwa tikiti. Dawa yake ni ile ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, iitwayo ORS, pamoja na madini ya zinki na safari ya haraka kwenda zahanati.

Onyo la pili ni la usafi, na hili linawahusu wauzaji na mabwana afya. Tikiti zima ni salama. Tikiti lililokatwa ni kama chakula kilichopikwa. Utamu na umajimaji unaotupendeza sisi huwapendeza vijidudu pia. Mwaka 2011, nchini Marekani, matikiti tamu yaliyotoka katika shamba moja la jimbo la Colorado yalibeba vijidudu vya listeria, na watu 33 walikufa. Ile ni nchi yenye majokofu, maabara na wakaguzi. Sisi tunakata tikiti mwaloni kwa kisu kilichotoka kumpasua sangara, tunakiosha kwa maji ya ziwa, tunavinyunyizia vipande maji hayo hayo ili ving'ae, kisha tunaviacha wazi kwa nzi tangu asubuhi hadi alasiri. Muuzaji hana nia mbaya. Anataka biashara yake ipendeze. Lakini tone moja la maji machafu linatosha kuligeuza tunda la afya kuwa mjumbe wa kipindupindu.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Tikiti lioshwe ganda kabla ya kukatwa, kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, kwa sababu kisu kinachopita katika ganda chafu huuingiza uchafu huo ndani ya nyama. Kisu cha matunda kiwe cha matunda tu. Vipande vifunikwe, na visikae juani zaidi ya saa mbili. Mnunuzi naye ana wajibu: aombe akatiwe mbele ya macho yake, au anunue zima akakate nyumbani na jirani zake. Na mama anayemlisha mtoto mdogo atoe mbegu na kukata vipande vidogo, maana mtoto hukabwa kwa urahisi.

Onyo la tatu ni la mkulima. Tikiti hushambuliwa na nzi wa matunda, vidukari na magonjwa ya majani, na mkulima mwenye hofu ya kupoteza mtaji hukimbilia kunyunyiza dawa ovyo. Mwaka 1985, katika jimbo la California, watu zaidi ya elfu moja waliugua baada ya kula matikiti maji yaliyokuwa na sumu ya wadudu iitwayo aldikabu, ambayo haikuruhusiwa kabisa kutumika katika zao hilo. Sumu ya namna ile hufyonzwa na mizizi ikaingia ndani ya nyama ya tunda, na kuosha ganda hakusaidii kitu. Basi mkulima asitumie katika tikiti dawa aliyonunua kwa ajili ya pamba. Asome lebo, na kama hajui kusoma asomewe. Azihesabu zile siku zinazotakiwa kupita kati ya kunyunyiza na kuvuna. Kadhalika akumbuke kwamba ua la tikiti halizai bila nyuki. Anayenyunyiza asubuhi maua yakiwa wazi anawaua vibarua wanaomfanyia kazi bila ujira. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina kazi ya kusimamia mambo haya, na tunaiomba ionekane katika maduka ya pembejeo ya vijijini kama inavyoonekana mijini.

Hatuwezi pia kunyamazia suala la mahali pa kulima. Ukingo wa ziwa una maji karibu, na kishawishi cha kulima hadi ufukweni ni kikubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ina sababu. Udongo, mbolea na dawa zikiporomoka ziwani hulisha magugu na kuharibu mazalia ya samaki, na tutakuwa tumepata tunda kwa kupoteza kitoweo. Anayeingia majini na ndoo kumwagilia naye hujitia katika hatari ya kichocho, ambacho hupenya ngozini bila kuuma. Lakini sheria inayomwambia mkulima ondoka, bila kumwonyesha njia ya kuyafikisha maji mita 60 juu, ni sheria nusu. Pampu moja ya kikundi na mpira mrefu wa maji vinaweza kuitekeleza sheria hiyo kuliko mikutano kumi ya kukaripia.

Hapa ndipo tunapogeuka kwa viongozi. Nchi hii haikuanza jana kuzungumza habari za lishe. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria iliyounda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka huo huo wananchi walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata ile ya Chakula ni Uhai. Wazee wetu wanakumbuka jinsi vikundi vile vilivyosikiliza, vikajadiliana, kisha vikatoka na majembe kufanya kilichoamuliwa. Fundisho la miaka ile ni kwamba elimu ya lishe hufanikiwa inapoishia shambani na jikoni. Ikiishia katika kabrasha la semina, hakuna mtoto anayeshiba.

Tunaziomba halmashauri za Sengerema, Buchosa, Misungwi na Ukerewe zifanye mambo manne. Kwanza, kila mwalo na kila stendi inapouzwa matunda pawe na bomba au tangi la maji safi na vibanda vyenye kivuli, ushuru wa pale pale ukitumika kuvitunza. Pili, mabwana shamba na mabibi shamba wavuke maji wavifikie visiwa, wakishirikiana na Kituo cha Utafiti cha Ukiriguru, ambacho kiko jirani yetu wilayani Misungwi, ili mkulima aambiwe mbegu ipi inafaa udongo upi. Tatu, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, isiishie katika kupima watoto mizani. Akina mama waonyeshwe mlo wenyewe sahanini, na tunda likiwemo. Nne, shule za visiwani ziwe na bustani ya matunda ambayo mavuno yake yanaliwa na wanafunzi waliyoyamwagilia.

Kwa wananchi nao tuna neno. Serikali haiwezi kukata tikiti mezani kwako. Anayeweza kununua kreti la soda kwa sherehe anaweza kununua matikiti mawili. Na anayenunua asitupe nusu ya alichonunua. Mbegu zikikaushwa, zikakaangwa na kumenywa, zaidi ya robo ya uzito wa kiini chake ni protini na karibu nusu ni mafuta; zikitwangwa huunga mboga vizuri kama karanga. Ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda la kijani hupikwa kama mboga, sawa na mung'unya. Ganda la nje ni chakula cha mbuzi. Msafiri wa zamani alilitupa ziwani kwa sababu kivuko kilikuwa kinapiga honi. Mwenyeji hana haraka hiyo.

Busisi haingoji tena kivuko. Magari yanapita juu, na yatakayobeba neema ya mwambao kwenda sokoni Mwanza yatapita hapo hapo. Tunayafurahia hayo, kwani mkulima hula kwa kuuza. Lakini itakuwa aibu kama daraja litavusha matikiti yote kwenda mjini, huku mtoto wa Kome akiendelea kuliona tunda hilo siku mgeni alipokuja. Shehena ya kwanza iende sokoni. Tikiti moja libaki nyumbani, lioshwe, likatwe kwa kisu safi, na mtoto apewe kipande chake kabla ya mgeni.